Khamisa Auliza Kama Uvimbe Unatembea

Mai Mahiu kuna wapishi wa supu wengi, lakini supu ya kichwa ni ya Khamisa, na anayebisha hajawahi kuinywa. Kibanda chake kiko pale malori yanapopumzika kabla ya kuanza kuupanda mlima. Kwa miaka thelathini na miwili madereva hawakuhitaji kuuliza kama amefungua. Kichwa cha kondoo kikibabuliwa kwa moto wa kuni, manyoya yakaisha na ngozi ikaanza kuiva rangi ya chai, hutoa harufu inayomfanya mtu aliyeshiba atafute kijiko tena.

Babu yake alitoka Pwani kufanya kazi ya reli Nakuru. Khamisa akazaliwa Nakuru, akaolewa Mai Mahiu, akafiwa na mume, akabaki na shoka la kupasulia vichwa. Shule alienda miaka miwili tu, na jina lake anaandika vizuri kuliko wengine waliokaa minane. Kazi yake haina saa wala kipimo. Anababua kwa pua. Macho hudanganywa na moshi, husema, lakini pua haidanganywi na mtu.

Tena alikuwa na sheria moja. Wateja wanapenda ubongo, na kila siku hatakosa dereva wa kumwambia, "Mathe, fungua hiyo kidogo nione kama iko sawa." Khamisa hata hainui macho. "Kichwa ni bahati. Ukinunua, nitapasua. Ukitaka chakula unaona yote, nenda kwa jirani ule maharagwe."

Basi mwaka mmoja, mvua zilipokatika, vichwa vikaacha kunukia.

Aliyemletea vichwa ni Njuguna, mzee wa pikipiki, na vilitoka kwa wafugaji wa Ndabibi. Wamejuana tangu wote wawili wana meno kamili. Khamisa alimwita kando akamwonyesha kichwa kimoja.

"Njuguna, hawa kondoo wanakula nini?"

"Nyasi, mama. Kondoo atakula nini, chapati?"

"Wanakula maua. Yale mabovu yanatupwa na mashamba ya Naivasha. Kondoo akila waridi miezi mitatu, nyama inapoteza harufu."

"Si basi ingenukia waridi?"

"Waridi ya kupeleka Ulaya iko na harufu? Wewe umewahi kuinusa?"

Njuguna alikuwa amewahi, na kweli haikuwa na harufu. Khamisa akaona ameshinda. Akaagiza vichwa vya Elburgon, ambako kondoo wanakula kando ya msitu. Navyo kimya. Akaagiza vya Suswa. Kimya vilevile. Akakata shauri kwamba Bonde la Ufa lote limeanza kula maua.

Ili kuiokoa supu, akaanza kuongeza. Kitunguu saumu kikawa viganja viwili, tangawizi ikaongezeka, pilipili ndiyo usiseme. Thuo, dereva wa lori la mbao, aliinywa siku moja, akaweka bakuli chini polepole, akafuta machozi kwa kofia.

"Mathe, hii supu iko na nguvu kushinda injini yangu. Nikikunywa hapa, naacha kulia nikifika Naivasha."

"Lia tu, mwanangu. Wanaume hawapati nafasi."

Wakacheka, na mambo yangeendelea hivyo kama si Jumanne moja. Khamisa alikuwa amekaa hatua mbili kutoka motoni, ameupa kisogo, akimweleza Thuo habari za kondoo na maua. Nyuma yake kichwa kikaungua mpaka kikawa mkaa. Watu wa vibanda vingine walikuja na maji, wengine wameziba pua. Njuguna akamwaga ndoo nzima.

"Mama, moshi yote hii husikii?"

"Nimesikia," Khamisa akasema. "Nilitaka kiive."

Siku hiyohiyo Njuguna alimpigia simu Shukri.

Shukri ni mjukuu wa Khamisa, na Khamisa ndiye aliyemlea. Anafanya kazi katika maabara ya hospitali moja huko Nakuru. Kazi yake ni kukata vipande vya nyama ya mgonjwa, vyembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na kuvipaka rangi ili daktari avisome kwa hadubini, ile mashine ya kukuza vitu vidogo. Khamisa huwaambia watu, "Mjukuu wangu pia anakata nyama, isipokuwa yeye hukata nyembamba."

Jumapili Shukri alikuja. Hakugombana. Alimfunga nyanya yake macho kwa leso, akampitishia vitu puani. Cha kwanza kilikuwa kitunguu, Khamisa akakipata, maana alisikia kikimenywa. Cha pili kilikuwa kahawa.

"Sabuni," alisema Khamisa.

Cha tatu kilikuwa mafuta ya taa.

"Maji ya mvua."

Khamisa akaivuta leso, akaona kidumu cha mafuta, akaangalia pembeni.

"Ni mafua tu."

"Mafua ya miezi saba, nyanya?"

Hivyo ndivyo Khamisa alivyoingizwa kwenye mashine ya kupiga picha kichwa, yeye aliyezoea kuwa upande wa kushika shoka. Daktari wa upasuaji aliitwa Kipkirui, kijana wa maneno machache, mwenye vidole vinene kama vya mtu wa kuchimba viazi. Akawaonyesha picha. Juu ya pua, kwenye sakafu ya fuvu, palikuwa na uvimbe wa ukubwa wa limau. Ulikuwa umezilalia neva za kunusa, na nyuma yake kulikuwa na neva za macho.

"Kwa hivyo kondoo hawana makosa," alisema Shukri.

"Waridi bado siipendi," alisema Khamisa. Kisha akamgeukia daktari. "Sasa mimi nikuulize kitu. Nimepasua vichwa miaka mingi kuliko umri wako. Mara tatu nimepata kondoo wa kizunguzungu, yule anazunguka mahali pamoja mpaka aanguke. Ukifungua unakuta mfuko wa maji. Unaunyanyua hivi, unatoka mzima, ubongo unabaki safi. Hicho kichwa natupa, siuzi, lakini nimeona. Na mara moja nimepata kingine. Hicho ugonjwa na ubongo vilikuwa vimechanganyika kama sukari kwa uji. Huwezi kusema hapa ni huyu na hapa ni yule. Hii yangu ni gani? Inakaa, ama inatembea?"

Daktari Kipkirui akaweka kalamu chini. "Mama, hilo ndilo swali lenyewe."

"Najua. Jibu ndilo nangoja."

"Picha inasema inakaa. Imetoka kwa ngozi inayofunika ubongo, si ndani ya ubongo wenyewe. Hizo nyingi hukaa. Lakini siwezi kuapa. Kuna zingine unaona zimetulia hivi, kumbe chini zimetuma vidole. Tutajua tukiitoa, watu wa maabara waangalie ukingo wake."

"Kwa hivyo hujui."

"Sijui yote. Ninachojua ni kwamba tukiiacha, macho ndiyo yatafuata."

Khamisa akasimama, akajifunga leso upya. "Basi kichwa yangu inabaki na mwenyewe." Na akaenda nyumbani, Shukri akimfuata nyuma kama mtu aliyeibiwa hadharani.

Wiki nzima Mai Mahiu ilisikia habari za daktari anayetaka kufungua asichokijua. Mwisho wa wiki Shukri akarudi. Alimkuta nyanya yake jikoni akipaka nyama ya mbuzi papai bichi, kwa namna walivyopika kina mama wa kwao tangu Pwani. Akavuta kigoda.

"Nyanya, hebu nikueleze inatembeaje. Halafu ukatae ukijua unachokataa."

"Sema. Masikio hayajaziba."

"Mwili umejengwa na seli. Ni kama matofali, lakini matofali yaliyo hai, madogo hata jicho halioni. Kila seli iko na vishikio kwenye ngozi yake. Seli za nyumba moja zinashikana kwa hivyo vishikio, kila mtu na jirani yake. Ndiyo maana ini linakaa ini, na ngozi inakaa ngozi."

"Hapo sawa."

"Sasa ule uvimbe mbaya, unaozaliwa ndani ya ubongo, seli zake zinamwachilia jirani. Zinaota vishikio vya aina nyingine, vya kushika nyuzi za ubongo na kuta za mishipa ya damu. Seli inashika mbele, inajivuta, inaachilia nyuma. Inashika tena."

Khamisa akaacha kupaka. "Kama mtu anapanda matope ya Mau akishika vichaka."

"Hivyo hasa."

"Na akishika sana?"

"Hasogei."

"Na asiposhika?"

"Anateleza, hasogei pia. Anashika kwa kiasi."

"Huyo ni mwizi mwenye akili." Akafikiri. "Lakini nafasi anapata wapi? Mimi nimeona ubongo. Umejaa, hata sindano haina pa kupita."

Shukri akaangalia sufuria. "Hilo papai unaliwekea nini?"

"Linakula zile nyuzi. Nyama ngumu inalegea."

"Ile seli nayo inatoa maji yake, kazi ni hiyohiyo. Inalegeza nyuzi zilizo mbele, inapita. Ndiyo maana daktari anaweza kutoa bonge lote leo, na kumbe wachache walishatangulia kitambo."

Khamisa akalitazama lile papai kwa jicho ambalo mtu humtazama nalo jirani akishasikia maovu yake.

"Na zangu?"

"Zako tunafikiri bado zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Lakini kufikiri si kuona."

"Basi mkishaona, mniite." Akarudia nyama yake. Ni mwanamke mgumu huyo, na ugumu wake ndio umemfikisha alipo. Shukri alikula, akaosha vyombo, akarudi Nakuru bila jibu.

Wiki tatu zikapita. Siku moja Khamisa alimbebea Thuo bakuli, akaliweka mezani kwa heshima zake zote, isipokuwa mahali alipoliweka hapakuwa na meza. Supu ikashuka yote kwenye suruali ya Thuo, naye akaruka kama aliyeketi juu ya siafu.

"Mathe, kama umenichukia si useme tu."

"Wewe ndio umesogeza meza."

Watu wakacheka, Khamisa akacheka kuwashinda. Lakini alipokuwa akiosha lile bakuli alifunga jicho moja, akaangalia mbali. Kwa jicho la kushoto mlima Longonot ulikuwa umekaa mahali pake. Akafunga la kushoto akafungua la kulia. Nusu ya mlima haikuwepo, kama mtu amepita na kitambaa akaifuta. Akarudia mara nne. Mlima haukurudi.

Njuguna alikuwa akishusha vichwa kwenye pikipiki na aliona yote. Hakusema neno la huruma, maana angefukuzwa. Alikuja akasimama mbele ya meza kama mteja.

"Mama, leo nataka kununua kichwa. Ile pale. Lakini kwanza ifungue kidogo nione ubongo."

"Umeanza kulewa asubuhi?"

"Kidogo tu. Nijue ninachochukua."

"Njuguna, sheria ya hapa unaijua. Kichwa ni bahati. Ukinunua, nitapasua."

"Ni ya kondoo peke yake, hiyo sheria?"

Lori likapita, likaingia gia ya kupanda mlima, likaondoka. Kisha Khamisa akachukua kile kitambaa alichooshea bakuli, kimelowa hivyo hivyo, akamrushia. Kilimpata usoni, kwa sababu jicho la kushoto lilikuwa bado zima.

"Mpigie Shukri," alisema. "Amwambie huyo kijana anoe kisu."

Hospitalini alitoa masharti mawili. Nywele zinyolewe pale panapohitajika tu, yeye si kondoo. Na ule ukingo ukishaangaliwa, aambiwe ukweli wote, tena auone kwa macho yake mwenyewe.

"Hakuna mgonjwa amewahi kuniomba hiyo ya pili," alisema Daktari Kipkirui.

"Hujawahi kupasua mtu wa kazi kama yangu."

Upasuaji ulianza asubuhi ukaisha alasiri. Njuguna na Shukri walikaa kwenye benchi moja, Njuguna akimaliza pakiti mbili za njugu bila kujua amezila. Daktari alipotoka, jasho bado liko shingoni, alikuwa akitabasamu nusu.

"Amelala salama. Uvimbe umetoka wote. Umeachana na ubongo vizuri, kama ganda la yai lililochemshwa. Isipokuwa mahali pamoja. Hapo ulikuwa umeng'ang'ania, nikautoa pamoja na kipande kidogo cha ubongo wenyewe."

"Uling'ang'ania tu, ama ulikuwa umeingia?" Shukri akauliza.

"Unajua kazi yako. Hapo mimi na wewe tunangoja."

Khamisa alipoambiwa hakulia wala hakushukuru. Aliuliza ni siku ngapi. Akaambiwa kama kumi. Siku hizo kumi wauguzi hawatazisahau. Alikagua vitanda, akamfundisha mwanamke wa jikoni namna ya kukata mifupa, na supu ya wodi aliirudisha mara mbili. "Pua haipo," alisema, "lakini hii hata kiziwi anaijua." Mchana alikuwa hivyo. Ila muuguzi mmoja alimkuta mara nyingi akishika mikono yake miwili, vidole vimeingiliana, akijaribu kuvitenganisha polepole kimoja kimoja, kisha akivirudisha.

Kile kipande Shukri hakukigusa. Alimwachia mwenzake akikate na kukipaka rangi. Mkubwa wao wa maabara akakisoma. Siku ya tisa akakisoma tena.

Siku ya kumi Khamisa alienda maabara kwa miguu yake, kichwa kimefungwa leso juu ya bandeji, Njuguna ameachwa mlangoni ashike mkoba. Shukri akamkalisha mbele ya hadubini, akamrekebishia mpaka akasema anaona.

"Unaona nini, nyanya?"

"Zambarau."

"Angalia vizuri."

Khamisa akaangalia. Ile zambarau ikaanza kuwa vitu. Vitu vidogo, virefu kidogo, vimezungukana mviringo ndani ya mviringo, kama kitunguu kilichokatwa katikati. Hakuna kilichokuwa peke yake.

"Hizo ni seli zako. Zimeshikana. Sasa nasogeza, nakupeleka pale palipong'ang'ania. Huo mstari unaouona, upande huu ni uvimbe, upande ule wa rangi ya waridi ni ubongo. Hapa umegandamana kama ngozi ya uji kwenye sufuria. Sasa niambie kama kuna mtu amevuka."

Mle ndani watu waliacha kazi zao, ingawa hakuna aliyeonekana kuacha. Khamisa akapita kwenye ule mstari kwa jicho la kushoto, kutoka mwanzo hadi mwisho. Kisha kwa la kulia, ambalo siku hizo lilikuwa limeanza kurudisha picha nzima. Akarudi tena mwanzo. Shingo ikamuuma, hakuinua.

"Sioni mtu."

"Hata sisi hatukuona. Mkubwa ameangalia mara mbili. Ni wa kukaa, nyanya. Utakuja kupigwa picha kila mwaka, basi."

Khamisa akavuta pumzi ndefu, ya kwanza ndefu kwa siku nyingi. "Watu wa heshima," alisema. "Makosa yao ni kujenga kwa shamba la wengine." Kisha, badala ya kusimama, akavuta kigoda karibu zaidi. "Nionyeshe wale wengine. Wanaotembea."

"Za nini, nyanya? Twende ukapumzike."

"Nimepumzika siku kumi. Nionyeshe."

Shukri akatafuta katika sanduku la vioo vyenye vipande vya kufundishia wanafunzi, akaweka kimoja chini ya hadubini. Hapo hapakuwa na mviringo wala mstari. Seli zilikuwa zimetawanyika, moja hapa, mbili pale, nyingine zimepangana moja nyuma ya nyingine kufuata nyuzi, nyingine zimeuzunguka mshipa wa damu. Ukitaka kusema ugonjwa umeishia hapa, hupati mahali pa kuweka kidole. Khamisa aliziangalia muda mrefu kuliko alivyoziangalia zake mwenyewe.

"Huyu alikuwa nani?"

"Hatujui jina. Ni kioo cha zamani."

"Na mnawafanyia nini, watu kama huyu?"

"Tunakata, tunachoma kwa miale, tunawapa dawa. Seli nyingine zinapita tu. Kuna wanaotafuta namna ya kuvifunga vile vishikio, seli isiweze kushika ikajivuta. Bado hawajaipata yote."

Khamisa akainuka kwenye kigoda, akakipangusa kwa ncha ya leso, akakisukuma mpaka kikagusa magoti ya mjukuu wake.

"Kaa," alisema. "Kuna watu wanangoja majibu."

"Nikusindikize kwanza hadi kwa Njuguna."

"Nimesema kaa. Njia naijua."

Akatembea wima, kichwa juu, akafungua mlango, akaingia kwenye stoo ya maabara. Ukasikika mlio wa chupa. Kisha akatoka, hakumwangalia mtu hata mmoja, akachukua mlango wa pili.